Msaada wa Mwezi kwa Mwezi: Je, Muda Nao ni Amana?



Mwanafunzi anayetoka Huye kwenda kwetu Bweyeye huingia msitu wa Nyungwe, na akifika njia panda ya Pindura hukata kushoto, akaiacha barabara kuu inayoendelea hadi Kamembe. Kutoka hapo zimebaki kilomita 32. Mwisho wa safari ni umurenge wetu, msitu upande mmoja na mpaka wa Burundi upande wa pili. Nimezaliwa huko, na likizo iliyopita nilirudi na swali ambalo sijaweza kuliweka chini. Nalileta kwenu, kwa sababu naamini linatuhusu sote, na mwishoni mtaona kuwa linaihusu hata jumuiya yetu ya wanafunzi.

Jirani yetu ni mama mjane mwenye watoto wanne. Mwaka mmoja aliandikwa katika mradi wa kazi za muda: kufyeka kando ya barabara, kuchimba mifereji, kutengeneza matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Aliambiwa kazi ni ya miezi sita, Januari hadi Juni. Akajipanga. Juni ikikaribia kwisha, dada yake aliyeko Bugarama alimtumia ujumbe kwamba kuna kibarua cha kupalilia mpunga, aje. Na jirani mwingine alikuwa tayari kumkodisha kipande cha shamba kwa msimu wa kupanda unaoanza Septemba, ila alitaka kujibiwa mapema.

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho, wafanyakazi walitangaziwa kuwa kazi imeongezwa mwezi mmoja. Asiyefika kesho asubuhi jina lake litafutwa. Mama akaacha safari ya Bugarama. Mwisho wa Julai, siku ya mwisho tena, mwezi mwingine ukaongezwa. Mwisho wa Agosti, vivyo hivyo. Tarehe 30 Septemba kazi ikafungwa, na safari hii hapakuwa na tangazo la kuongeza. Mpunga wa Bugarama ulikuwa umeshapaliliwa na watu wengine. Kipande cha shamba kilikuwa kimeshakodishwa kwa mwingine na mahindi yameanza kuota.

Nilipomwambia kwa kumfariji kwamba angalau alipata miezi tisa badala ya sita, alinitazama akasema: "Mwanangu, walinipa miezi mitatu, lakini mwaka wote ukanipita nikiwa nasubiri."

Hapo ndipo swali langu lilipo. Je, mtu anaweza kudhulumiwa na yule aliyempa zaidi ya alichomwahidi?

Jambo hili si la kijiji kimoja

Kabla ya kujibu, tuangalie mbali kidogo, kwa sababu tunaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya miradi midogo ya vijijini. Sivyo. Nchi tajiri kabisa duniani imewafanyia hivyo mamilioni ya raia wake, tena kwa sheria ya Bunge.

Marekani, mtu aliyeachishwa kazi hulipwa malipo ya ukosefu wa kazi na jimbo lake, kwa kawaida hadi wiki 26. Uchumi ulipoporomoka mwaka 2008, wiki hizo hazikutosha. Kwa hiyo tarehe 30 Juni 2008 ikatiwa saini sheria ya kuongeza wiki zaidi kwa fedha za serikali kuu. Ilikuwa sheria ya muda, na ilipokaribia kwisha ikarefushwa, kisha ikarefushwa tena, mara kwa miezi, mara kwa wiki chache. Mwaka 2010 pekee iliachwa ikafikia ukomo mara kadhaa kabla ya kufufuliwa. Mwisho wa Februari mwaka huo, Seneta Jim Bunning wa Kentucky aliizuia nyongeza ya siku 30 akidai ionyeshwe kwanza fedha zitatoka wapi. Mapema Juni ukomo ulifika tena, na safari hii Bunge lilikaa hadi tarehe 22 Julai ndipo sheria mpya ikatiwa saini. Katika wiki hizo saba watu wapatao milioni 2.5 walikatiwa malipo. Walipokuja kurudishiwa, walilipwa na za nyuma. Hatimaye tarehe 28 Desemba 2013 mpango ule ulifikia mwisho bila kurefushwa, na watu kama milioni 1.3 wakakosa malipo kwa mara moja.

Chukua wale wa Juni na Julai 2010. Kwenye vitabu vya hesabu hawakupoteza kitu, kwani walilipwa hadi senti ya mwisho. Lakini mwenye nyumba hasubiri hesabu za Bunge, na mtoto hawezi kula mwezi wa Agosti chakula alichokikosa Juni. Mama wa Bweyeye na fundi aliyeachishwa kazi Marekani hawajuani, na hali zao hazilingani hata kidogo, lakini kilichowapata kina sura moja.

Tena jambo hili hutufikia hata sisi kupitia mabunge ya wengine. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulianzishwa kwa sheria mwaka 2003, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi 15 za mwanzo zilizolengwa. Sheria hiyo ilikuwa ikirefushwa kwa miaka mitano mitano: 2008, 2013, 2018. Mwaka 2023 muda ukaisha bila makubaliano, ingawa fedha ziliendelea kutolewa kupitia bajeti. Machi 2024 ukaongezwa mwaka mmoja tu, hadi tarehe 25 Machi 2025. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, Januari 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje ili kuipitia upya. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku ya maisha yake aliwekwa chini ya sheria inayohesabu miezi.

Hoja ya anayeweka tarehe

Haitakuwa uadilifu kumhukumu mtoaji kabla ya kumsikiliza. Ana hoja, na baadhi yake ni nzito.

Kwanza, mali ya umma ni amana. Mwenye kuishika hana ruhusa ya kuifungulia mfereji usio na mwisho. Hitaji la mwaka huu huenda lisiwepo mwaka ujao, na mpango usio na tarehe ya kuangaliwa upya huzoeleka hata baada ya kupoteza maana yake. Aliyeuliza fedha zitatoka wapi hakuuliza swali baya. Kosa, kama lipo, ni kuliuliza siku ya mwisho, wakati mlo wa mtu mwingine uko mezani.

Pili, msaada usio na ukomo unaweza kumfunga anayeupokea. Hapa tunayo hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Dawud na wengineo, ingawa baadhi ya wanazuoni wameizungumzia sanadi yake. Mtu wa Ansari alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume hakumpa kitu kutoka mfukoni. Alimwuliza ana nini nyumbani, na vile viwili alivyokuwa navyo, nguo ya kujifunika na kutandika pamoja na bakuli la kunywea, vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja ilikuwa ya chakula cha familia yake, ya pili ikanunua shoka. Mtume akalitia shoka lile mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwagiza akakate kuni, na asimwone kwa siku 15. Mtu yule alirudi akiwa na dirhamu 10.

Kumbe tarehe si adui wa rehema. Hapa tunaona ukomo, tena mfupi, uliowekwa na mbora wa viumbe. Kwa hiyo atakayesema kwamba Uislamu haukubali msaada wa muda atakuwa amekosea.

Tatu, na hii ndiyo hoja ya kifiqhi iliyonisumbua zaidi: msaada ni hiba, na katika hiba kutojulikana kwa mambo kunasamehewa. Tunajua kuwa gharar, yaani kutojua utakachopata au lini, inaharibu mauziano. Lakini Imam al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki alieleza katika kitabu chake al-Furuq kwamba gharar haidhuru katika kutoa bure, kwa kuwa anayepewa hapotezi chochote iwapo kitu hakikupatikana. Hakutoa bei. Kwa hiyo mtoaji atasema: mimi nimetoa bure, nikiongeza mwezi ni hisani, nisipoongeza sijavunja mkataba. Kwa nini nilaumiwe?

Nani anabeba kutojua?

Naanza na hoja hii ya tatu, kwa sababu ikisimama, nyingine zote zinatosha.

Al-Qarafi hakusema tu kwamba gharar inasamehewa. Ametoa sababu: mpokeaji hapotezi kitu. Sasa tuipime sababu hiyo kwa mama wa Bweyeye. Je, hakupoteza kitu? Alitakiwa awepo kila asubuhi, la sivyo jina lifutwe. Kwa hiyo ili abaki ndani ya tumaini, alitoa mpunga wa Bugarama na akatoa shamba la msimu. Hiyo ni bei, isipokuwa haikuandikwa popote. Pale ambapo kusubiri kwenyewe kumefanywa sharti la kupata, kitu kile kimeshatoka katika hiba tupu. Sababu ya kusamehe imeondoka, na hukumu hufuata sababu yake. Zaidi ya hapo, yeye alikuwa mfanyakazi wa ujira, na ujira ni mlango ambao wanazuoni wametaka muda au kazi ijulikane tangu mwanzo.

Hata tukiuacha ujira, Qur'an inapowasifu waumini katika Suratul Maarij, aya ya 24 na 25, inasema kwamba katika mali zao mna haki inayojulikana ya mwombaji na asiyepata. Haki, tena inayojulikana. Najua wafasiri wengi wanaielekeza aya hiyo kwenye zaka na kiasi chake. Lakini mtu anayeijua haki yake leo na hajui kama kesho ataamka nayo, anaijua nusu tu.

Sasa turudi kwenye shoka na zile siku 15. Tofauti iko wapi kati ya tarehe ile na tarehe ya 30 Juni? Naona tofauti tatu. Mtu wa Ansari aliijua tarehe tangu siku ya kwanza. Alipewa chombo cha kumfikisha kwenye tarehe hiyo. Na ndani ya siku 15 alikuwa huru: aende msitu gani, akate kuni ngapi, amuuzie nani. Kutojua kulikokuwepo kulikuwa kwa kawaida ya dunia, bei ya kuni na mvua, si kutojua kulikotengenezwa na aliyemsaidia.

Mfano wa pili uko katika Suratul Qasas, aya ya 27 na 28. Nabii Musa (a.s.) amefika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Mzee wa huko anampa mkataba: amfanyie kazi miaka minane, na akitimiza kumi, hiyo itakuwa hisani yake Musa, mzee hataki kumtia katika dhiki. Musa anakubali akisema kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoutimiza, asifanyiwe uadui. Soma tena kisa hiki kwa jicho la swali letu. Mkataba una muda, na una nyongeza. Lakini nyongeza imewekwa mikononi mwa nani? Mikononi mwa mgeni maskini, wala si mikononi mwa mwenye mali. Aliye dhaifu ndiye aliyeshika mlango.

Kwenye miradi yetu ni kinyume. Mwenye nguvu hushika mlango, hufungua kidogo, hufunga kidogo, na dhaifu hukaa nje akisikiliza kitasa.

Mfano wa tatu ndio unaonipa kipimo. Suratul Baqara, aya ya 280, inazungumzia mdaiwa aliyebanwa. Mdai anatakiwa ampe muda. Muda gani? Aya haikutaja mwezi wala mwaka. Muda umefungwa kwenye hali ya mtu: mpaka apate wepesi. Miaka mingi nimeisoma aya hii kama aya ya huruma, na ni kweli. Sasa naiona pia kama aya inayofundisha namna ya kurefusha muda. Nyongeza hupimwa kwa hali ya mwenye dhiki, haipimwi kwa urahisi wa mwenye mali.

Ukishika kipimo hicho, hoja ya amana inapata mahali pake. Ni kweli mali ya umma lazima ikaguliwe, na ni kweli mipango lazima iwe na siku ya kuulizwa. Lakini ukaguzi umwelekee nani? Naamini tarehe ngumu inapaswa kuwaangukia wenye ofisi: ikifika Machi, mseme kama mpango unaendelea Julai au hapana. Tarehe hiyo isiangukie chungu cha mjane. Tumezoea kupanga kinyume: ofisi inapewa muda hadi dakika ya mwisho, na mjane ndiye anayewekewa saa.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sababu nyingine ni za kweli: hakuna aliyejua mwaka 2008 kwamba dhiki ingedumu miaka mingapi. Lakini ziko sababu ambazo hazisemwi hadharani. Nyongeza ya mwezi mmoja huonekana ndogo kwenye bajeti kuliko ahadi ya mwaka, hata kama mwishowe miezi itafika 12. Na kila ukomo ni nafasi mpya ya biashara ya siasa: nikubalie hili, nami nitakubali lile. Watu wenye njaa wanakuwa rehani ya mazungumzo yasiyowahusu. Hapo hatuko tena kwenye tahadhari ya amana. Tuko kwenye kumtumia mtu.

Kilio cha mtoto wa Madina

Mtu anaweza kusema: tuseme utaratibu una kasoro, lakini si nia mbaya. Ni kweli, na ndiyo maana nakumbusha kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), ambaye hakuna atakayemtuhumu nia.

Umar aliweka posho kutoka Baitul Mal kwa watu, na kwa watoto aliweka sharti: posho inaanza mtoto akiachishwa ziwa. Ni sharti lenye mantiki, kwani mtoto anayenyonya halishwi sokoni. Usiku mmoja, akiwa na Abdur-Rahman bin Auf wakiulinda msafara uliopiga kambi Madina, akamsikia mtoto akilia. Akaenda, akamwambia mama amtulize. Mtoto akalia tena, na tena. Alipomlaumu, mama, bila kujua anasema na nani, alimweleza kuwa anamwachisha ziwa kwa nguvu kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa.

Inasimuliwa kwamba alfajiri ile watu hawakuweza kusikia vizuri kisomo chake kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe kila mahali: msiwaharakishe watoto wenu kuwaachisha, tumeweka posho kwa kila mtoto anayezaliwa.

Umar hakumkuta mtu aliyevunja sharti lake. Alimkuta mtu aliyelitii, na utii wenyewe ndio uliokuwa ukimliza mtoto. Kila sharti la msaada huingia ndani ya nyumba na kupanga maisha ya watu: nani anyonye, nani asafiri, nani alime. Mwenye kuweka sharti ataulizwa na hayo pia. Na Umar alipojua hakusema atalipitia upya mwezi ujao.

Kwetu, na kwa majirani

Tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani kufanywa vizuri. Tanzania, tangu mwaka 2018, mwanachama wa NSSF aliyepoteza kazi na kutimiza masharti hupata fao la upotevu wa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Unaweza kusema ni kidogo, na wengi wanasema hivyo. Lakini siku ya kwanza anajua kwamba ana miezi sita, na anaweza kuihesabu. Kenya, Katiba ya 2010 ilianzisha Mfuko wa Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na ikaandika humo humo kwamba utafikia ukomo baada ya miaka 20, isipokuwa Bunge likiurefusha kwa muda maalumu na kwa kura za zaidi ya nusu katika mabaraza yote mawili. Huo ni ukomo wa wazi. Ingawa tuseme ukweli wote: fedha za mfuko huo zilichelewa miaka mingi kuwafikia walengwa, na tarehe nzuri kwenye karatasi haichimbi kisima.

Hapa Rwanda hatuna malipo ya ukosefu wa kazi. Tunayo VUP, iliyoanza mwaka 2008 katika imirenge 30, mmoja kwa kila wilaya, kisha ikapanuka. Ina kazi za umma kwa wenye nguvu, msaada wa moja kwa moja kwa wasioweza kufanya kazi, na mikopo midogo. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ilipitisha mkakati wa kuziwezesha familia kutoka katika umaskini na zisirudi, na wazo lake ni kwamba familia iwezeshwe kwa miaka miwili ikiwa na makubaliano ya kujikwamua. Mimi naona hapo kitu cha kusifu na kitu cha kuangalia. Cha kusifu ni kwamba miaka miwili inajulikana tangu mwanzo, na inakaribiana na somo la shoka. Cha kuangalia ni lile neno la aya: mpaka apate wepesi. Miaka miwili ni ya kalenda, na wepesi ni wa mtu. Kwa familia yenye vijana wawili wenye afya, huenda miaka miwili ikatosha na kubaki. Kwa mjane mwenye mtoto mgonjwa kwenye mteremko unaoporomoka kila masika, huenda isitoshe. Mpango mzuri utamwuliza mtu amefika wapi kabla ya kumwambia muda umekwisha.

Na sisi je?

Ningeweza kuishia hapo, tukalaumu mabunge na miradi, tukaenda kuswali. Lakini nina la kukiri.

Mwaka jana nilikuwa katika kamati ya ustawi ya jumuiya ya wanafunzi. Tunakusanya sadaka kila Ijumaa, si nyingi, na tunawasaidia wenzetu waliokwama. Mwenzetu mmoja alikosa kodi ya chumba. Tukakaa, tukakubaliana kumlipia mwezi mmoja, "kisha tutaangalia." Mwezi ukaisha, tukaangalia, tukamlipia mwingine. Tulifanya hivyo mara nne, na kila mara uamuzi ulitoka siku moja au mbili kabla ya mwenye nyumba kufika. Sisi tulijiona wakarimu. Tulikuwa tumetoa miezi minne tulipoahidi mmoja.

Muhula ulipoisha nikamwuliza mambo yalikuwaje. Akashukuru sana, kwa adabu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, mngeniambia miezi miwili tu, nikajua moja. Ningehamia kwa binamu yangu mapema. Kila tarehe 27 sikuweza kusoma." Akataja mtihani alioufeli, na tarehe yake. Nikakumbuka kwamba jioni ile kamati tuliahirisha kikao kwa sababu wawili kati yetu tulikuwa na mechi.

Sisi ambao kila mwezi tunalalamika fedha za kujikimu zikichelewa, tulimfanyia mwenzetu jambo lile lile, tena kwa jina la sadaka. Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 264, inatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Hatukumsimbulia hata kidogo. Lakini maudhi si maneno peke yake, na nadhani kumweka mtu mlangoni kila tarehe 27 ni aina mojawapo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kamati yetu, na ningependa yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao. La kwanza, tusitoe msaada wa mwezi mmoja wenye tumaini la mwingine. Tuhesabu tulichonacho, na kama tuna miezi miwili, tuseme miwili, hata ikibidi tusaidie watu wachache zaidi. La pili, uamuzi wa kuongeza au kutoongeza utoke angalau wiki tatu kabla ya muda kuisha. Kamati isipokaa kwa wakati, msaada uendelee mwezi mmoja kwa gharama ya uzembe wetu, asilipie mhitaji. La tatu, kabla ya kufunga msaada, mmoja wetu akae na ndugu huyo amwulize amefika wapi, na kama kuna shoka la kutia mpini, tulitie.

Najua pingamizi. Sanduku letu ni dogo, na tukiahidi miezi mitatu kisha Ijumaa tatu zikawa kavu, tutavunja ahadi. Ni hofu ya haki. Jibu langu ni kwamba hofu hiyo lazima ibebwe na mtu, na swali ni nani. Kamati ya watu saba wenye marafiki, walimu na wazee wa msikiti wa kuwaendea inaweza kuibeba hofu ya kodi moja ya chumba. Mtu mmoja aliyekwama, usiku, na kitabu mbele yake, ni vigumu zaidi.

Jirani yangu wa Bweyeye, nilipoondoka, alikuwa ameandikwa tena kwenye orodha ya kazi. Aliniuliza kama mimi niliyesoma naweza kujua ni ya miezi mingapi. Sikujua. Akasema basi, atampigia dada yake wa Bugarama amwombe asimpe mtu mwingine nafasi yake, mpaka mwisho wa Juni.

Wabillahi tawfiq.